Mlango wa Novemba: Vyuo vya Sayansi vya Marekani na Historia ya Kuomba Mapema

Kwa kijana wa Tanzania anayemaliza kidato cha sita, utaratibu unaeleweka: mtihani wa taifa Mei, matokeo Julai, ndipo maombi ya chuo yaanze. Kenya ni vivyo hivyo, ila miezi inatofautiana. KCSE, mtihani wa taifa wa kumaliza sekondari, hufanywa kati ya Oktoba na Novemba, matokeo yakatangazwa, kisha nafasi zikagawanywa kupitia KUCCPS, taasisi ya serikali inayowapangia wanafunzi vyuo. Mtihani kwanza, chuo baadaye. Kumwambia mzazi wa Morogoro au Eldoret kwamba mwanawe anaweza kupata nafasi ya chuo kikuu kabla hata hajaketi kwenye mtihani wake wa mwisho ni kama kumtania.

Huko Marekani ndivyo ilivyo. Anayetaka kusoma fizikia MIT, mjini Cambridge, Massachusetts, au Caltech, mjini Pasadena, California, anaweza kutuma maombi yake kufikia tarehe 1 Novemba na kujibiwa katikati ya Desemba, huku nusu nzima ya mwaka wake wa mwisho wa sekondari ikiwa bado haijasomwa. Anayengoja duru ya kawaida hutuma mwanzoni mwa Januari na kupata jibu Machi. Tofauti ni ya wiki tisa tu. Lakini kwa familia nyingi swali la lini kuomba limekuwa zito sawa na swali la wapi kuomba, na kuna washauri wanaoishi kwa kulijibu kwa malipo.

Ninavyoisoma historia hii, tarehe ya Novemba haikuwekwa kwa ajili ya mwanafunzi. Ilitokana na hofu ya vyuo vyenyewe, hofu ya kutojua ni nani atakuja, na kwa takriban miaka sabini vyuo vimekuwa vikiihamisha hofu hiyo kutoka ofisini mwao na kuwatwika vijana wa miaka 17. Vyuo vya sayansi vimo katika historia hiyo, ila vimesimama pembeni kidogo. Anayetaka kuamua vizuri kuhusu MIT au Caltech anapaswa kuelewa kwa nini vilisimama hapo.

Zamani hapakuwa na neno mapema katika habari hizi, kwa sababu palikuwa na mtihani. École Polytechnique ya Paris, iliyoanzishwa mwaka 1794 katikati ya misukosuko ya Mapinduzi ya Ufaransa, ilichukua vijana kwa mtihani wa ushindani ambao hisabati ndiyo ilikuwa mfalme. Mtihani una siku yake, na hakuna awezaye kuufaulu kabla haujafanyika. Vyuo vya teknolojia vya India, cha kwanza kikiwa cha Kharagpur mwaka 1951, vilishika mantiki hiyohiyo, na China inaishika hadi leo kwa mtihani wake wa taifa wa kuingia chuo. Katika nchi hizo mwanafunzi anaweza kuogopa mtihani, kuukariri, hata kuurudia mwaka unaofuata, ila hawezi kuuwahi.

Marekani nayo ilianzia kwenye mtihani, lakini wa namna nyingine. MIT ilipata hati yake ya kuanzishwa tarehe 10 Aprili 1861, siku mbili kabla ya mizinga kulia Fort Sumter na Vita vya wenyewe kwa wenyewe kuanza. Mwanzilishi wake, mwanajiolojia William Barton Rogers, alilazimika kusubiri. Masomo yalianza Februari 1865 katika vyumba vya kukodi mjini Boston, na wanafunzi walikuwa 15. Chuo chenye wanafunzi 15 hakina tatizo la kuchagua. Tatizo lake ni kodi ya pango. Mtihani wa kuingia ulikuwepo, ila kazi yake ilikuwa kupima kama kijana anajua aljebra na jiometri ya kutosha kufuata masomo. Aliyejua aliingia. Ellen Swallow, mwanamke wa kwanza chuoni hapo, alipokewa mwaka 1870 kama mwanafunzi wa pekee na akahitimu mwaka 1873 katika kemia. Robert Taylor, Mweusi wa kwanza kuhitimu, alimaliza usanifu majengo mwaka 1892 na kwenda kujenga chuo cha Tuskegee. Milango ilikuwa na ubaguzi wake, lakini foleni haikuwepo.

Caltech ilianza kwa unyenyekevu zaidi. Mfanyabiashara Amos Throop alifungua shule mjini Pasadena mwaka 1891 kwa ajili ya ufundi na sanaa, ikiwa na watoto wadogo ndani yake. Mwanaastronomia George Ellery Hale ndiye aliyeigeuza, akimleta mkemia Arthur Noyes kutoka MIT na mwanafizikia Robert Millikan kutoka Chicago, na mwaka 1920 jina la California Institute of Technology likawekwa langoni. Hale na wenzake walitaka chuo kidogo kwa makusudi kabisa, na udogo huo haujaondoka. Hadi leo wanafunzi wote wa shahada ya kwanza ni kama elfu moja tu, wachache kuliko wa baadhi ya shule za sekondari za kata. Wasichana walianza kupokewa katika shahada ya kwanza mwaka 1970, miaka mia moja kamili baada ya Ellen Swallow kuingia MIT.

Turudi mwishoni mwa karne ya 19. Kila chuo kilitunga mtihani wake, na walimu wakuu wa sekondari walikuwa wamechoka: chuo hiki kinataka kitabu hiki cha Kilatini, kile kinataka kingine. Mwaka 1900 vyuo vya mashariki vikaunda Bodi ya Mitihani ya Kuingia Vyuoni, na Juni 1901 watahiniwa 973 wakaketi kwa mara ya kwanza, wakiandika insha za Kigiriki, Kilatini, historia na hisabati kwa siku kadhaa. Mtanzania angeutambua utaratibu huo mara moja. Wote siku zilezile, karatasi zilezile, wasahihishaji walewale.

Kwa nini basi Marekani iliuacha? Jibu halipendezi. Kufikia miaka ya 1920, watoto wa wahamiaji Wayahudi wa New York na Boston walikuwa wakifaulu mitihani hiyo kuliko watoto wa matajiri wa zamani. Columbia, Harvard na Yale hazikutaka kusema wazi kwamba zinawazuia, basi zikabadili kinachopimwa. Fomu za maombi zikarefuka. Zikaulizwa picha, dini, kazi ya baba, jina la mama kabla ya kuolewa. Yakaja mahojiano na barua za kuthibitisha tabia. Rais wa Harvard, Abbott Lawrence Lowell, alitaka kiwango maalumu cha Wayahudi kitangazwe. Walimu wakakataa kitangazwe, lakini njia ya chinichini ikafanya kazi ileile. Mtihani, ambao hauulizi babu yako alizaliwa wapi, ukapunguziwa uzito, na faili la mwombaji likaongezewa.

Richard Feynman aliionja hali hiyo. Kijana huyu wa Queens, New York, alitaka kusoma Columbia. Columbia ilikuwa na kiwango chake cha Wayahudi, nacho kilikuwa kimejaa, kwa hiyo mwaka 1935 akaenda MIT, akahitimu mwaka 1939, na maisha yake mengi ya ualimu akayamalizia Caltech. Sitaki kuvipamba vyuo vya sayansi, maana navyo vilikuwa na dhambi zao. Hata hivyo, ni kweli kwamba katika miaka ile mtu aliyejua hesabu alipata mlango Cambridge alipofungiwa Manhattan.

Na hapa ndipo neno mapema linapozaliwa. Mtihani wa pamoja ukishaacha kuwa mwamuzi, uamuzi unafanywa na watu ofisini, na watu wanaweza kuamua siku yoyote wanayotaka.

Walianza kuitumia nafasi hiyo baada ya Vita vya Pili vya Dunia. Kabla ya vita kijana aliomba chuo kimoja, mara nyingi kile alichosoma baba yake, na chuo kilijua idadi ya vitanda vya kutandika. Sheria ya mwaka 1944 ya kuwasomesha askari waliorudi vitani ilivifurisha vyuo. SAT, mtihani wa kuchagua jibu ulioanza mwaka 1926 na ambao rais wa Harvard James Conant aliutumia katika miaka ya 1930 kutafuta vijana werevu wa majimbo ya mbali, ukaenea nchi nzima kupitia shirika la ETS lililoundwa mwaka 1947. Oktoba 1957 Warusi wakarusha Sputnik, mwaka uliofuata serikali ya Marekani ikapitisha sheria ya kumwaga fedha kwenye elimu ya sayansi, na MIT na Caltech zikawa ndoto ya kila mvulana mwenye darubini ya kuchezea. Sasa kijana mmoja aliomba vyuo vitatu, vinne. Chuo kikikubali watu 500 kilikuwa hakijui kama watakuja 200 au 450. Wakija 450, hawana pa kulala. Wakija 200, mshahara wa walimu utatoka wapi?

Hofu hiyo ilizaa njia mbili. Ya kwanza ilikuwa ya siri ya watu wenye nafasi. Katika miaka ya 1950, maofisa wa Harvard, Yale na Princeton walitembelea shule za bweni za gharama kubwa na kuwapa wavulana herufi. A maana yake hesabu umeingia, B huenda, C tafuta kwingine. Mtoto wa shule ya umma huko Nebraska hakupewa herufi yoyote, kwa kuwa hakuna aliyekwenda kwao. Njia ya pili ilibuniwa mwishoni mwa muongo huohuo na vyuo vidogo kama Amherst na Williams, pamoja na vile vya wasichana vya daraja la juu, ambavyo vilikuwa vimechoka kuwa chaguo la pili la watu. Mwombaji alituma maombi mapema na kuahidi kwamba akikubaliwa atakuja bila kuangalia kwingine, na chuo kikamjibu Desemba. Hiyo ndiyo tuite maombi ya kujifunga. Chuo kilipata uhakika. Mwanafunzi naye alipata usingizi wa sikukuu za Krismasi, na akapoteza haki ya kulinganisha.

Katika miaka ya 1970, herufi za A, B, C zilipoanza kuonekana aibu, Harvard, Yale na Princeton ziliweka mahali pake maombi ya mapema yasiyofunga: unaomba Novemba, unajibiwa Desemba, lakini una hadi Mei kuamua. MIT ilichukua njia hiyo na haijaiacha.

Miaka ya 1980 na 1990 yafaa kupitwa haraka, ila jambo moja halipitiki. Mwaka 1983 gazeti la U.S. News lilianza kupanga vyuo kwa namba, na baadaye kati ya vipimo vyake kikaingia kile cha waliokubaliwa ni wangapi waliokuja kweli. Kipimo hicho kilikuwa sawa na kuwapa vyuo kitabu cha mbinu. Kila mwanafunzi anayechukuliwa kwa kujifunga ni mmoja aliyekubaliwa na mmoja aliyekuja, asilimia 100 safi. Chuo Kikuu cha Pennsylvania kilizoea kujaza karibu nusu ya darasa lake kwa njia hiyo na kupanda ngazi. Yale, Princeton na Stanford zikaingia kwenye kujifunga katikati ya miaka ya 1990. Mwaka 2001 mwandishi James Fallows aliuanika mchezo huo katika gazeti la The Atlantic, na mwaka 2003 Christopher Avery, Andrew Fairbanks na Richard Zeckhauser walitoa kitabu kilichochambua maombi zaidi ya 500,000 ya vyuo 14. Walikuta kwamba kuomba mapema kulimsaidia mwombaji kama vile ameongezewa alama 100 hivi za SAT, katika mtihani wa alama 1600. Faida hiyo iliwaendea zaidi waliokwisha kuwa nayo: wenye washauri shuleni, wenye wazazi waliosoma, wasiohitaji kulinganisha bei.

Kulikuwa na jaribio moja la kuacha. Septemba 2006 Harvard ilifuta maombi ya mapema kabisa, ikisema wazi kwamba yanawapendelea waliokwisha kupendelewa. Princeton ikafuata baada ya siku chache, kisha Chuo Kikuu cha Virginia. Wengine walipiga makofi na kubaki walipo. Yale na Stanford, ambazo miaka michache kabla zilikuwa zimeacha kujifunga na kushika njia isiyofunga lakini yenye sharti la kuomba mapema chuo kimoja tu, ziliendelea kuvuna wanafunzi kila Desemba. Februari 2011 Harvard na Princeton zilirudi. Ukitaka kujua kama chuo kimoja chenye nguvu kinaweza kuubadili mfumo peke yake, miaka hiyo mitano inatosha.

Mwaka 2019 Wizara ya Sheria ya Marekani ilikilazimisha chama cha maofisa wa udahili kufuta kanuni kadhaa za maadili zilizozuia vyuo kugombaniana wanafunzi, na Agosti 2025 ilifunguliwa kesi katika mahakama ya shirikisho huko Massachusetts dhidi ya vyuo zaidi ya 30 vinavyotumia maombi ya kujifunga, kwa hoja kwamba kujifunga kunaua ushindani na kupandisha bei. Hofu ile ya miaka ya 1950 sasa ina mawakili.

MIT haifungi, haizuii mtu kuomba kwingine, haimpendelei mtoto wa aliyesoma pale, na husema waziwazi kwamba haina upendeleo kati ya duru ya Novemba na ile ya Januari. Si kwa wema wa roho peke yake. Zaidi ya asilimia 80 ya wanaokubaliwa MIT huenda MIT, na chuo chenye uhakika huo hakina haja ya kumfunga mtu kamba. Caltech ina mashaka zaidi. Ni ndogo, iko mbali na miji ya mashariki, na aliyekubaliwa nayo mara nyingi amekubaliwa pia na MIT au Stanford. Kwa miaka mingi nayo iliacha duru yake ya mapema wazi kabisa, lakini kuanzia msimu wa kuwapata wanafunzi wa mwaka 2024 iliweka sharti kwamba anayeiomba mapema asiombe mapema chuo kingine cha binafsi cha Marekani. Vyuo vya umma ruksa, vya nje ya nchi ruksa, na akikubaliwa halazimiki kuja. Jirani ya Caltech, Harvey Mudd, chuo cha sayansi na uhandisi kilichoanzishwa Claremont mwaka 1955, kinatumia maombi ya kujifunga yenyewe. Utaona kwamba kadiri chuo kinavyokosa uhakika wa kuchaguliwa, ndivyo kinavyombana mwombaji.

Wengi huanguka kwenye hesabu. Katika msimu wa 2022 hadi 2023, MIT ilipata maombi ya mapema 11,924 na kukubali 685, yaani asilimia 5.7. Kwa msimu mzima maombi yalikuwa 26,914 na waliokubaliwa 1,259, asilimia 4.7. Msomaji wa haraka ataona kwamba Novemba ni rahisi. Lakini duru ya kawaida kwa miaka mingi ndiyo iliyobeba waombaji wote wa kigeni, kwa sababu MIT haikuwaruhusu kuomba mapema. Siku hizi inawaruhusu. Wageni huchukua kama asilimia 10 tu ya darasa, na hushindana dunia nzima kwa nafasi hizo. Tena wanaoomba Novemba ni wale waliokuwa tayari Novemba: waliofanya SAT mapema, waliomaliza kalkulasi mwaka uliotangulia, walioshinda mashindano ya hisabati wakiwa na miaka 15. Ukiweka watu wenye nguvu zaidi kwenye ndoo moja, asilimia ya ndoo hiyo itapanda hata kama mchaguzi amefumba macho. Alama zile 100 za Avery na wenzake zilipatikana zaidi pale ambapo chuo kilikuwa na sababu ya kununua uhakika, na MIT haina sababu hiyo.

Zaidi ya nusu ya walioomba mapema msimu ule hawakukataliwa wala kukubaliwa. Walihamishiwa duru ya kawaida, wakasomwa upya Machi. Kwa hiyo huko MIT kosa la kuomba mapema si ghali. Huko Caltech kosa hilo lina gharama, kwa kuwa ukiweka Novemba yako pale umeikosa Novemba ya Princeton au ya MIT yenyewe.

Ndiyo maana nadhani swali la tarehe, kwa vyuo hivi, ni swali la faili. Je, maombi yako ya tarehe 1 Novemba yatakuwa bora, sawa, au dhaifu kuliko yale ya Januari? Vyuo hivi viwili vinataka barua ya mwalimu wa hisabati au sayansi na nyingine ya mwalimu wa masomo ya lugha au jamii. Vinataka SAT au ACT: MIT iliirudisha Machi 2022 na Caltech Aprili 2024, baada ya kuisimamisha wakati wa korona. Caltech inataka kalkulasi, fizikia na kemia. Vyote viwili vinataka kuona kitu ulichokitengeneza, kukichunguza au kukiharibu ukikitafiti, na maelezo yake kwa maneno yako. Aliyeanza mradi wake Septemba atauandika vizuri zaidi Desemba. Aliyeumaliza mwaka jana hana cha kungoja, na jibu la Desemba litampa nafasi ya kupanga vyuo vingine kwa utulivu.

Kwa msomaji wa Afrika Mashariki hesabu inapinda kidogo. Mwanafunzi wa PCM (fizikia, kemia na hisabati) nchini Tanzania yuko kidato cha sita mwezi Novemba. Ana matokeo ya kidato cha nne mkononi, ana kalkulasi kwenye Hisabati ya Juu, na mtihani wake wa taifa uko miezi sita mbele. Yeye anaweza kuomba mapema bila kuvurugika, mradi SAT ameshaifanya, na vituo vya SAT ni vichache na viko mijini. Mwenzake wa Kenya yuko ndani ya chumba cha mtihani wa KCSE siku ileile maombi yanapofungwa. Kumwambia aandike insha za MIT usiku wa karatasi ya kemia ni kumponza kotekote. Wakenya wengi waliofika vyuo vikubwa vya Marekani walifanya kinyume: walimaliza KCSE, wakapata matokeo, wakautumia mwaka uliofuata kujiandaa. Mpango wa KenSAP, ulioanza mwaka 2004 Iten kwa juhudi za mwanariadha wa zamani Mike Boit na mwandishi Mmarekani John Manners, umejengwa juu ya mwaka huo wa katikati. Kufikia Novemba ya mwaka huo, alama za taifa zimo kwenye faili, na kuomba mapema hakumnyimi mtu kitu.

Lipo pia suala la fedha, na hapa sina ulegevu. MIT haitazami uwezo wa kifedha inapochagua, hata kwa mgeni, na humtimizia aliyekubaliwa mahitaji yote inayoyakokotoa. Wenye sera hiyo kwa wageni ni wachache. Chuo chochote kinachokutaka ujifunge mapema kinakutaka ukubali bei kabla ya kuona bei nyingine, na familia inayotegemea msaada haipaswi kuweka sahihi hiyo kabla ya kusoma masharti ya misaada kwa wageni na kupitisha takwimu zake kwenye kikokotoo cha gharama cha chuo husika. Maombi yasiyofunga hayana hatari hiyo. Mwanafunzi aliyekubaliwa Desemba huko MIT bado anaweza kuzipokea barua nyingine za Machi na kuziweka mezani zote pamoja mbele ya baba na mama.

Kinachobaki ni barua za walimu. Insha mwanafunzi ataiandika mwenyewe usiku, lakini mwalimu wa fizikia wa shule ya umma ana mikondo minne, hajawahi kuandika barua ya kwenda Massachusetts, na aghalabu ataandika mistari mitano kwamba kijana ana nidhamu na ni mtiifu. Ofisi ya udahili inataka kujua ni swali gani kijana huyo aliuliza darasani likamfanya mwalimu arudi vitabuni. Mwalimu akiombwa katikati ya Oktoba, mistari mitano ndiyo itakayokwenda. Akiombwa Julai, akakumbushwa kwa heshima Agosti, akapewa karatasi inayoeleza mradi wa mwanafunzi na tarehe ya mwisho, barua ya Novemba inaweza kuwa sawa na ile ya Januari. Asipopatikana mwalimu wa namna hiyo kabla ya Septemba kuisha, duru ya kawaida ndiyo ya mwanafunzi huyo, na MIT itaisoma barua hiyo Machi kama ambavyo ingeisoma Desemba.